Betri mbovu zimejaa, kwa nini bado wanachimba lithiamu?

Mkuu, umeuliza kwa nini watu wanahangaika kuchimba lithiamu, madini ya kutengenezea betri, wakati betri mbovu zimezagaa kila kona. Mimi ni fundi simu na laptop hapa Mtwara mjini, chini ya meza yangu kuna ndoo ya hizo betri, kwa hiyo nakujibu kwa ninachokishika kila siku.

Chukua seli moja, yaani kijibetri kimoja kati ya vilivyomo ndani ya betri ya laptop, zile za mviringo tunazoziita 18650. Ina gramu 45 hivi, na lithiamu iliyomo ni kama gramu moja. Usiidharau. Mwamba wa spodumeni, wenye lithiamu, wanaoupasua Australia, lithiamu yake halisi kwa kawaida haifiki hata asilimia 1. Kwa uzito, ndoo yangu ni tajiri kuliko mwamba! Kule Atacama, Chile, wanavuta maji ya chumvi ardhini na kuyaanika kwenye mabwawa. Aliyeona mashamba ya chumvi ya pwani yetu anaelewa mara moja, ila wao wanangoja mwaka na zaidi, na maji yanayokauka hapo ni ya jangwani.

Sasa mbona ndoo yangu haina mteja? Mwamba umekaa sehemu moja, mtambo unachota tu. Betri ziko mbili Newala, tatu Tandahimba, moja kabatini kwa shangazi. Nauli inakula faida yote. Mnunuzi wa chakavu anayepita kwangu anagombania betri za gari, zile za risasi. Za simu hataki hata bure.

Viwandani nako betri zinasagwa, unapatikana unga mweusi, unaloweshwa kwenye asidi. Wanachokifukuzia zaidi ni kobalti na nikeli, metali za bei. Betri nyingi za sola siku hizi ni za lithiamu na fosfeti ya chuma, hazina hata kimoja kati ya hivyo. Na wanaotumia tanuri, lithiamu inaishia kwenye takataka za tanuri wasipoifuata kwa kazi ya ziada. Ndiyo maana Ulaya wameweka sheria: asilimia 50 ya lithiamu ya betri mbovu irudishwe ifikapo mwisho wa 2027, na 80 mwisho wa 2031.

Halafu betri zinazokufa leo ziliuzwa miaka mingi iliyopita, zilipokuwa chache. Hata tukizikusanya zote hazitoshi mahitaji ya sasa. Kuchimba kutaendelea tu. (Ndugu zangu wa Ruangwa, kinywe chenu (grafiti) kwenye seli ni kingi mara kadhaa kuliko lithiamu, ila hakuna anayekitaja.)

Mimi kabla ya kufikiria kusaga, napima. Pakiti ya laptop ikifa, mara nyingi ni seli mbili tu zimeharibu wenzake. Zile seli nzima nawaungia wavuvi wa Mikindani kwa taa za usiku. Ila mwaka juzi kijana wangu alichokonoa betri ya simu iliyovimba kwa bisibisi. Moshi, moto, nusu ya meza ikaungua; kilichotuokoa ni ndoo ya mchanga.

Kwa hiyo mwenye betri za laptop hapa mjini asitupe, alete. Iliyovimba aje nayo kwenye kopo la mchanga, siyo mfukoni.