Mikono Inakufa Ganzi? Tuanzie Kwenye Siti

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Morogoro, nimenunua mauntenbaiki ya mtumba, fremu kubwa kidogo ila ngumu, naendea kazini kila siku kama kilomita 9. Shida nikifika nusu ya njia vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi, shingo inauma, mabega yamekaza. Fundi wa mtaani kanisogezea siti mbele kabisa eti nisijinyooshe sana, sasa ganzi imezidi na magoti nayo yameanza. Niinue usukani au niiuze tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiuze. Kwanza rudisha hiyo siti katikati ya reli zake, leo leo, maana siti haisogezwi kwa ajili ya usukani, inakaa pale miguu inapotaka. Ukiisogeza mbele mwili wote unaegemea viganja, na mshipa wa fahamu wa hivyo vidole viwili unapita pale chini ya kiganja upande wa kidole kidogo, ukiukandamiza kilomita 9 lazima vife ganzi. Na magoti yakienda mbele mno ya pedeli yanaumia.

Urefu wa siti: egemea ukuta, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Hapo ukikanyaga kwa mbele ya mguu, goti litakuwa limekunjika kidogo tu. Hiyo ikikaa sawa ndo tunaenda kwenye usukani.

Sasa angalia shingo ya usukani, kile chuma kinachoubana. Mauntenbaiki nyingi za mtumba zina bolti mbili kwa nyuma ya shingo, kofia yenye bolti moja juu, na ringi kadhaa zimepangwa chini au juu ya shingo. Kama ziko juu una bahati. Tairi likiwa chini usiliinue, fungua kofia kwa alenkii (ufunguo wa pembe sita), legeza zile mbili za nyuma, chomoa shingo, ringi za juu zipeleke chini, rudisha shingo. Ringi zote zikiwa chini tayari basi igeuze shingo juu chini, nyingi zina mwinamo kwa hiyo ukiigeuza usukani unapanda. Na kwa sababu lile bomba shingo inapovikwa limelalia nyuma, ukipandisha sentimita 3 usukani unakusogelea kama sentimita 1, yaani unapata vyote viwili.

Kwenye kufunga naomba usikilize vizuri, wengi wanakosea hapa. Kofia ya juu haishiki usukani, kazi yake ni kuondoa mchezo, yaani kulegea, kwenye beringi tu. Kaza hiyo kwanza, taratibu, bana breki ya mbele usukume baiskeli mbele nyuma, ukisikia inagonga ongeza kidogo, usukani ukiwa mzito kugeuka umezidisha. Halafu nyoosha usukani na tairi, ndo ukaze zile mbili za nyuma kwa zamu. Ukikaza za nyuma kwanza, kofia haitafanya kitu na beringi zitalika.

Bado usukani uko mbali nawe? Tafuta shingo fupi, kama yako ni milimita 100 jaribu 80 au 70. Nenda na ya zamani mkononi, maana tundu la usukani kuna la 25.4 na la 31.8 na hayaingiliani. Mwisho zungusha vishikio vya breki mpaka kiganja na mkono viwe mstari mmoja, kiwiko kimelegea kidogo.

SWALI: Habari fundi. Nina baiskeli ya chuma ya marehemu mume wangu, yenye breki za fito (vyuma badala ya waya), usukani uko chini kwangu na haupandi hata nikilegeza nati ya juu. Mama wa Tabora.

JIBU: Pole sana mama, na asante kwa kuitunza. Hiyo shingo inashikwa na kabari ndani ya bomba, ukilegeza nati kabari inabaki imebana. Legeza mizunguko mitatu minne, usiitoe, weka kipande cha mti juu yake ugonge kwa nyundo, utasikia imeshuka. Kama kuna kutu dondoshea mafuta mepesi pembeni ya shingo, acha ilale mpaka kesho. Legeza na nati za fito za breki kabla ya kuinua, la sivyo fito zitapinda au breki itabaki imekamata. Ukishakaza upya, jaribu breki zote mbili kabla hujatoka uani.

Ukiinua angalia mstari uliochongwa kwenye shingo, usiuone nje hata kidogo. Kama umefutika acha angalau sentimita 6.5 ndani. Niliwahi kuiona moja iliyozidishwa, shingo ilichomoka mteremkoni na usukani, jamaa akavunjika mfupa wa bega. Kaza, bana tairi la mbele kwa magoti, jaribu kuuzungusha usukani. Ukizunguka peke yake, ongeza kukaza.