Ninunue Tafsiri Ipi ya Kijerumani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeisoma The Lord of the Rings ya Tolkien mara nne kwa Kiingereza, juzuu zote tatu. Sasa najifunza Kijerumani, na muuzaji vitabu kanionyesha tafsiri mbili. Nichukue ipi?
Msomaji, Hamburg

JIBU: Marahaba mwanangu. Chukua ya Margaret Carroux, ya 1969 na 1970. Ile ya Wolfgang Krege ya mwaka 2000 ina Kijerumani cha mazungumzo ya leo, na kwa mwanafunzi hilo si dogo. Lakini msikilize Sam anavyomwita Frodo, shujaa wa kitabu na bwana wake. Kwa Carroux ni “Herr Frodo”, yaani bwana, heshima ya mtunza bustani aliyelelewa kwa adabu. Krege kamwandikia “Chef”: bosi! Neno hilo lilinichoma, maana mapenzi ya Sam yamo mle mle katika kuita kwake.

Utakapofika kwenye “Elben”, yaani Elves wa Tolkien, wale watu wa kale warefu wasiozeeka, tua kidogo. Neno la kawaida, “Elfen”, humjengea Mjerumani picha ya viumbe vidogo vyenye mabawa, ndiyo maana Tolkien mwenyewe alipendekeza umbo hilo jingine. Nalo Baggins, jina la ukoo la Frodo, limekuwa Beutlin: ndani yake mna “Beutel”, mfuko, vilevile kama Kiingereza kilivyouficha katika “bag”. Majina hayo Krege pia kayatumia.