Siku mbili Nerja: majibu kwa wasomaji wetu

Barua za safari hii zinahusu Nerja, mji mdogo wa pwani ya Andalusia, kusini mwa Hispania, kama kilomita 50 mashariki ya Málaga. Wengi walioandika wana siku moja au mbili tu za kukaa huko. Saa zote tulizotaja ni za Kiswahili: saa nane mchana ndiyo 14:00 utakayoiona kwenye ratiba za Hispania.

Naishi Rotterdam, nimepata tiketi ya ndege ya bei nafuu kwenda Málaga. Siendeshi gari. Nitafikaje Nerja, na siku mbili nizipange vipi?
*Msomaji, Rotterdam*

Gari huhitaji. Katikati ya mji kunatembeleka kwa miguu, na mwezi wa Agosti mwenye gari huzunguka muda mrefu akitafuta pa kuegesha wakati wewe umeshaingia majini.

Nerja haina reli. Ukitoka uwanja wa ndege panda treni ya mjini ya C1 inayoelekea Málaga Centro-Alameda. Hapa ndipo wageni wanapopotea: treni hiyohiyo huenda pia Fuengirola, upande wa pili kabisa, kwa hiyo soma ubao kabla ya kupanda. Shuka María Zambrano, mwendo wa dakika kumi hivi. Stesheni ya mabasi iko jirani. Ulizia basi la Nerja. Nauli haifiki yuro 10. Yako mabasi yanayopita barabara kuu na kufika kwa saa moja hivi, na yako yanayosimama kila kijiji, Torre del Mar, Torrox na kwingineko, ambayo huchukua saa moja na nusu au zaidi. Muda wa kufika umeandikwa kwenye ratiba, uusome kabla ya kununua tiketi. Kaa upande wa kulia, ndiko bahari iliko. Ijumaa jioni na Jumapili jioni mabasi hujaa, basi nunua tiketi ya kurudi mapema.

Nerja kwenyewe hakuna stesheni kubwa, ni kibanda cha tiketi kando ya barabara juu ya mji. Ukiteremka kwa miguu kama dakika kumi utafika Balcón de Europa, uwanja uliojitokeza juu ya jabali, bahari ikiwa pande tatu. Masimulizi ya mji yanasema jina hilo alilitoa Mfalme Alfonso XII alipokuja mwaka 1885 kuwaona waathirika wa tetemeko la Desemba 25, 1884. Sanamu yake imesimama hapo ukingoni.

Kuhusu mpango, shauri letu ni moja: asubuhi iwe ya bahari, mchana wa jua kali uwe wa Pango la Nerja, jioni ya kutembea. Watu wengi hugeuza. Huamka saa nne, hufika ufukweni saa saba jua likiwa utosini, kisha hutafuta chakula cha usiku saa kumi na mbili na kukuta jiko limefungwa. Hispania chakula cha mchana ni saa nane hadi saa kumi, cha usiku huanza saa mbili na nusu au saa tatu. Mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo hakuna cha kukimbilia. Siku ya kwanza weka ufuo wa Burriana na pango. Siku ya pili kayaki asubuhi, kijiji cha Frigiliana jioni.

Mimi ni mtoto wa pwani, kuogelea najua. Nimesikia Agosti maji ya huko huweza kuwa baridi kali ingawa nje kuna joto. Inakuwaje?
*Msomaji, Tanga*

Umesikia sawa, na sababu yake ni upepo. Kama nyumbani mvuvi anavyoulizia kusi au kaskazi kabla ya kushusha chombo, Nerja watu huulizia poniente au levante.

Poniente hutoka magharibi. Husukuma maji ya juu yaliyopashwa na jua yakaenda mbali na pwani, na mahali pake hupanda maji ya chini, ya baridi. Bahari huwa safi hata unaona vidole vyako, lakini joto lake, ambalo kwa kawaida Agosti ni digrii 22 au 23, huweza kushuka hadi 18 au chini yake kwa siku moja tu. Aliyezoea maji ya Tanga ya digrii 27 atashtuka. Ingia polepole, lowesha shingo na kifua kwanza, wala usijirushe kutoka mwambani. Levante hutoka mashariki: maji yana uvuguvugu, lakini yana mawimbi, yanachafuka, na mara nyingi huleta yavuyavu.

Kupwa na kujaa kusikusumbue. Bahari ya Kati haina maji makuu kama yetu yanayopanda mita tatu au nne. Tofauti hapa haifiki mita moja. Huhitaji kusubiri maji yajae ndipo uogelee. Lakini chini hushuka ghafla: hatua chache tu kutoka ukingoni maji yamekupita kimo. Mchanga ni wa kijivu, wa chembe kubwa, umechanganyika na kokoto, kwa hiyo vaa viatu vya mpira. Bendera ya kijani ni ruhusa, ya manjano ni tahadhari, nyekundu ni marufuku kuingia, na mwokoaji hatanii.

Yavuyavu anayepatikana zaidi ni wa rangi ya zambarau nyekundu, mdogo, lakini anauma. Akikugusa, suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba, kwani maji yasiyo na chumvi hupasua vifuko vya sumu vilivyobaki kwenye ngozi. Usisugue kwa mchanga wala taulo. Ondoa mabaki kwa kibanio, kisha weka barafu iliyofungwa ndani ya mfuko kwa dakika 15. Siki haifai kwa aina hii. Ukiona pumzi inabana au midomo inavimba, piga 112, namba ya dharura.

Assalamu alaykum. Tunakuja na binti zetu, sisi ni Waislamu. Je, tutaogelea kwa stara bila kusumbuliwa? Na chakula tufanyeje?
*Mama wa watoto watatu, Köln*

Waalaykum salaam, dada. Hispania haina sheria ya nchi inayokataza vazi la kuogelea la stara kwenye fukwe za umma. Kwenye bwawa la hoteli mambo ni tofauti, kila hoteli ina kanuni zake, kwa hiyo waandikieni kabla ya kulipa. Jueni pia kwamba wanawake kuota jua kifua wazi ni jambo la kawaida huko. Kwa familia tunapendekeza vijifuo vidogo vya Carabeo asubuhi na mapema, kabla ya saa nne. Vinafikiwa kwa ngazi na watu ni wachache. Ufuo wa Cantarriján, ulioko mashariki kidogo, wa wasiovaa nguo, ni bora muujue kwa jina ili msiufikie bila kukusudia.

Kwenye chakula, nguruwe hujificha. Salmorejo, supu nzito ya nyanya, hunyunyiziwa nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Dengu na mboga za kukaanga hutiwa vipande, na biskuti laini za mantecado hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Chaza wa mchuzi hupikwa kwa mvinyo. Semeni kabla ya kuagiza: «¿Lleva cerdo, jamón o vino?», yaani kina nguruwe au mvinyo? Vilivyo salama zaidi ni samaki wa kubanikwa kwa makaa na chumvi tu, na ajoblanco, supu baridi ya lozi na vitunguu saumu inayoliwa na zabibu. Supu hiyo huwa na siki ndani yake, basi anayejali chanzo cha siki aulize. Vya kukaanga ulizeni kama mafuta yametumika pia kukaangia nyama.

Pango la Nerja linafaa kwa mtoto wa miaka miwili? Na ni kweli lina michoro ya watu wa kale?
*Msomaji, Nairobi*

Kumpeleka unaweza, lakini kigari cha mtoto kiache hotelini. Ndani ni ngazi juu chini, na nyingine zina unyevunyevu. Mbebe mgongoni na uvae viatu vya soli yenye meno. Ndala humponza mtu. Joto la ndani hubaki chini kidogo ya digrii 20 mwaka mzima, na kwa anayetoka kwenye jua la Julai hiyo ni baridi, kwa hiyo chukua shati la mikono mirefu.

Lilivumbuliwa Januari 12, 1959 na vijana watano waliokuwa wakiwatafuta popo, nao wakajipenyeza kwenye tundu. Liko kijiji cha Maro, kama kilomita nne kutoka mjini. Katika chumba kikubwa, Sala del Cataclismo, ipo nguzo ya mawe yenye urefu wa mita 32, iliyojengwa na matone ya maji yenye chokaa, moja baada ya jingine. Simama hapo, muoneshe mtoto taa zinavyopanda hadi darini. Michoro ya kale ipo kweli, ila iko sehemu zilizofungwa kwa umma, kwa sababu pumzi na joto la watu huiharibu. Usiende kwa ajili yake.

Tiketi huwa na saa maalumu. Nunua mtandaoni, chagua saa saba au nane mchana. Kutembea kote ni kama saa nzima. Wakati wa kurudi, upande wa barabara kuukuu utaona mfereji wa maji wa Águila, wa ghorofa nne na matao 37 ya matofali, uliojengwa karne ya 19 kupeleka maji kwenye kiwanda cha sukari. Hadi leo unamwagilia mashamba.

Sijawahi kupanda kayaki. Nitaweza kufika maporomoko ya Maro?
*Msomaji, Kampala*

Utaweza, ukienda na kiongozi na ukiondoka asubuhi. Safari huanzia Burriana, hufuata majabali hadi pale maji ya chemchemi yanapoanguka moja kwa moja baharini, na huchukua kama saa mbili na nusu kwenda na kurudi. Chagua ya kwanza, ya saa tatu au nne. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko bahari, upepo huanza kuvuma, na anayeanza hujikuta akipiga kasia bila kusogea.

Chagua kayaki ya watu wawili, mwenye nguvu akae nyuma, maana huyo ndiye anayeelekeza. Usivute kasia kwa mikono tu. Zungusha kiwiliwili, la sivyo baada ya nusu saa mabega yatakataa. Jaketi okozi lazima libane: mtu akilivuta mabegani lisipande hadi kidevuni. Kama hujui kuogelea mwambie kiongozi mkiwa bado nchi kavu. Simu iwe ndani ya mfuko usiopenya maji, uliofungwa kwenye kayaki. Miwani ifunge kamba.

Usikodi kayaki peke yako ukaelekea huko. Majabali ya Maro-Cerro Gordo ni eneo la hifadhi tangu 1989 na kuingia kwa chombo kunahitaji kibali. Chini yake pana mashamba ya nyasi za bahari ambamo samaki huzaliana, na ndiyo maana ya ulinzi wote huo. Levante ikivuma safari hufutwa. Weka siku ya akiba, dai kurudishiwa fedha.

Mtu akila mara moja tu Nerja, ale nini?
*Msomaji, Muscat*

Espeto, bila kusita. Ni sadini, mara nyingi sita, waliochomwa kwenye kijiti cha tete au sindano ya chuma. Ncha hupita chini kidogo ya uti wa mgongo, kusudi mfupa umshike samaki asidondoke akiiva. Kijiti husimikwa wima ndani ya mtumbwi wa zamani uliojazwa mchanga, kando ya moto wa kuni za mzeituni. Si juu ya moto: joto humjia kwa ubavu, mafuta hudondoka mchangani badala ya kuwaka. Chumvi ya mawe, basi. Huliwa kwa mkono. Sadini wa Mei hadi Agosti ndio wenye mafuta. Nje ya miezi hiyo huwa wakavu.

Samaki wakubwa huuzwa kwa uzito. Ukiona «s/m» pahali pa bei, maana yake ni bei ya siku, na wajibu wako ni kuomba apimwe na kutajiwa jumla kabla hajaingia motoni. Ugomvi mwingi wa hesabu huanzia hapo. Mkate unaoletwa bila kuagizwa huweza kulipishwa. Maji ya bomba ni bure kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2022. Sema «agua del grifo».

Viza ya Schengen yanisumbua. Na Frigiliana kuna nini hasa?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Viza ya muda mfupi ni yuro 90 kwa mtu mzima, na hairudishwi ukinyimwa. Omba mapema ndani ya miezi sita kabla ya safari, wala usivuke siku 15 za mwisho. Bima ya matibabu iwe ya yuro 30,000 au zaidi na ifunike tarehe zote, pamoja na siku ya kuondoka. Kosa la siku moja hurudisha faili. Kama unapita nchi mbili, omba kwenye ile utakayolala siku nyingi zaidi.

Frigiliana ni kijiji cheupe mlimani, kilomita sita kutoka Nerja, dakika kama 20 kwa basi. Nenda jioni jua likipoa, maana vichochoro vyake ni ngazi tupu. Angalia kwanza saa ya basi la mwisho, Jumapili usilitegemee. Waarabu ndio walioleta miwa pwani hii, na hapo kwenye kiwanda cha El Ingenio wangali wanachemsha shira yake nyeusi. Kula biringanya za kukaanga zilizomiminiwa shira hiyo zikiwa bado moto, kwani zikipoa hulegea. Chupa ya kwenda nayo nyumbani izungushie nguo na uiweke kwenye begi la kupakia, si la mkononi: ikizidi mililita 100 huenda ukaiacha ukaguzini.