Maswali ya Wasomaji: Picha za Mimea na Dirisha la Kaskazini

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Tanga na hupiga picha za mimea kwa simu: mkonge, mikoko ya ufukweni na maua ya uani. Wanaoziona husema ni safi, ila zinafanana na za kitabu cha baiolojia. Nifanye nini ziwe sanaa? Nimesoma pia kwamba mmea uwekwe kwenye dirisha la kaskazini, lakini kwangu jua kali huingia humo humo.

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri wa dirisha umetoka Ulaya, ambako jua la adhuhuri hupita kusini na dirisha la kaskazini hubaki na mwanga mtulivu. Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa kaskazini na Desemba huwa kusini. Itakubidi uhame dirisha kufuata majira.

Kuhusu sanaa, mtazame Mjerumani Karl Blossfeldt, aliyefariki mwaka 1932. Alikuwa mwalimu wa sanaa mjini Berlin, na alipiga picha za mimea ili wanafunzi wake wajifunze maumbo. Alikuza vikonyo na machipukizi mara nyingi kuliko ukubwa wake, mbele ya mandhari tupu, na hakusita kupogoa jani lililomziba. Picha ya kitabu hutaka kila kiungo kionekane, ilhali yeye alichagua kimoja na kuacha vingine.

Basi usipige mkonge mzima. Katikati yake majani machanga hubanana yakawa mkuki mmoja. Usogelee asubuhi, jua likiwa chini, ili mwanga upite ubavuni na upande mmoja uzame kivulini. (Chunga macho, maana ncha za majani ni miiba migumu.) Mikokoni, mimi ningeanza na mchu: maji yakipwa, mizizi yake ya kupumulia husimama wima topeni, na juu ya majani yake mara nyingi utaona chembe nyeupe za chumvi ambayo mti wenyewe umeitoa.

Usivute picha kwa vidole, kwani ubora hupungua. Lenzi ndogo ya kubana kwenye simu inafaa zaidi, ingawa kwa ukaribu huo upepo wa bahari ukitikisa jani kidogo tu, picha huharibika.

Maua yaache kwa sasa. Rangi zake hukamata jicho kabla ya umbo, na ukishindwa kuvumilia, yapige kwa nyeusi na nyeupe uone kinachobaki.