Wakili Kanyamaza, Mume Hajui Kitu

*Shikamoo Somo. Naishi Chikongola, Mtwara, nina watoto wawili. Nimepata nyumba Chuno, vyumba vitatu, ina hati, bei milioni 38. Nimeshalipa milioni 10 kutokana na korosho za shamba alilonipa mama kule Tandahimba. Mume wangu alinisaidia kupuliza salfa tu, ile dawa ya mikorosho. Sasa wakili wangu amenitoroka, wiki ya tatu hapokei simu. Karani wake anasema amepelekwa Dar kutibiwa, lakini watu waongo. Ujumbe wake wa mwisho alisema anasubiri saini ya mke wa muuzaji, ambaye yuko Masasi. Muuzaji anasema kuna mteja mwingine, hivyo nimpe hela iliyobaki mkononi tuandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa. Mume sijamwambia, siku hizi amekuwa mkali, kila saa anauliza hela za korosho. Nyumba nataka iandikwe jina la kaka yangu. Hela nimeitoa benki, nimeificha kwenye ndoo ya unga. Nifanyeje? Mama Wawili.*

Marahaba, mwanangu. Pole. Simu inayoita bila kupokelewa inachosha kuliko palizi. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikirudia nakuta wakili ndiye mwenye kosa dogo kuliko wote.

Hakukutoroka. Umeambiwa anaumwa, na aliyekuambia ni karani wake, mtu anayeshinda naye ofisini. Wewe umeshazoea kuficha, ndiyo maana kila mtu unamwona anaficha. Tena huyo mgonjwa ndiye mlinzi wako. Aliacha neno moja la maana, saini ya mke wa Masasi, nawe umelipita mbio kama mtu anayekwepa mdai sokoni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe. Siku huyo mama atakapopanda basi na kukuta umetundika mapazia yako dirishani kwake, atakwenda mahakamani, na muuzaji atakuwa keshakula milioni zako 38. Ndiyo sababu anataka mmalizane upesi. Huyo mteja mwingine nimemsikia tangu nikiwa msichana. Kila nyumba inayouzwa anaitaka yeye, na hakuna aliyewahi kumwona.

Na kwa mwenyekiti wa mtaa mtaandikishana nini? Nyumba yenye hati haihami kwa muhuri wa mtaa. Inahama kwa Msajili wa Hati, baada ya kibali cha ardhi na kodi za TRA. Karatasi ya mwenyekiti itakusaidia kuonyesha kwamba ulitoa hela, basi.

Kesho vaa viatu uende ofisini kwa wakili, simu iache mkobani. Muulize karani nani ameachiwa mafaili, maana mawakili wengi wana mwenzao wa kuwashikia kazi wakiugua. Ukimpata, mwombe akuendelezee. Kama hayupo, omba karatasi zako: nakala ya hati, mkataba, majibu ya upekuzi aliofanya kwa Msajili kujua nyumba ni ya nani, na stakabadhi zote. Uliza pia zile milioni 10 ziko wapi, kwa muuzaji au kwenye akaunti ya wateja ya wakili, kwa sababu hukuniambia, na nina wasiwasi hata wewe hujui. Wakikuzungusha, Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS, kipo kwa shida kama hizo. Wakili mpya usimchukue kwa kuletewa na dalali wala na muuzaji. Mtazame kwanza kwenye mfumo wa Mahakama mtandaoni kama leseni yake ni hai, maana huhuishwa kila mwaka. Halafu soma mkataba wako una siku ngapi za kukamilisha, na muuzaji mwandikie barua ya kuomba muda, asaini nakala kuwa ameipokea. Maneno ya barazani hayahesabiki.

Hayo ya nyumba yameisha. Tuje kwa mumeo, ambaye hakuniandikia, lakini nimemsikia kwenye barua yako kuliko ninavyokusikia wewe.

“Alinisaidia kupuliza salfa tu.” Hiyo “tu” umeitoa wapi? Mimi nimezaliwa chini ya mikorosho. Mtu anaamka usiku wa manane, anabeba mashine mgongoni, anaingia shambani umande ungali juu ya majani ili unga ushike. Anarudi jua limetoka, mweupe kope mpaka kwapa, macho yanamwasha, anakohoa. Anafanya hivyo mti kwa mti, tena na tena mpaka msimu uishe. Kisha korosho zinapelekwa ghalani, mnada unapita, hela inaingia kwenye akaunti ya mke, naye haambiwi hata ni shilingi ngapi. Akiuliza anaitwa mkali! Hata mimi ningekuwa mkali. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na fundi mmoja analala kitanda kimoja na wewe.

Najua utaniambia shamba ni la mama yako, na kwetu kusini mali hufuata upande wa mama. Kweli. Na sheria inakuruhusu mke kuwa na mali yako mwenyewe. Basi iandike nyumba jina lako, mchana kweupe! Jina la kaka linaingiaje? Kaka ana mke, ana watoto, na siku akifa wewe utakuwa shangazi mpangaji.

Ndoa za siku hizi zinanishangaza. Kila mtu na nywila yake, kila mtu na kiwanja chake cha siri, mnakutana kwenye sahani ya wali kama abiria wa basi moja. Tunawacheza wanawali unyagoni wiki nzima, tunawaambia mficha uchi hazai, wakitoka wanajifunza kuficha meseji za benki. Zamani hata fedha ya kitunga cha ming'oko, vile viazi vya porini, ilijulikana ndani ya nyumba. Sisemi zamani hapakuwa na wanaume walevi, walikuwepo. Lakini wako hukuniambia analewa, wala anapiga, wala ana mwanamke mwingine. Kosa lake pekee kwenye barua nzima ni kuuliza.

Mwite leo usiku, watoto wakilala. Anza na salfa, umshukuru, halafu umwonyeshe mkataba. Atakasirika, mwache akasirike. Ikiwa bado mnaitaka hiyo nyumba, yeye ndiye wa kwenda na wakili mpya Masasi kumwona yule mama, kwani mwanamume anayeuza bila mkewe hamtazami usoni mwanamume mwenzake aliyekuja na mke.

Na hiyo ndoo ya unga ifungue kabla mama mkwe hajaja kusonga ugali.