Je, Kuogopa Korona ni Upungufu wa Imani?

SWALI

Assalamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Likoni, Mombasa. Mume wangu alikuwa akifanya kazi hotelini Diani. Mwezi wa Machi 2020 hoteli ikafungwa, wakaambiwa waende likizo bila mshahara. Mimi hupika mahamri na mbaazi asubuhi, jioni viazi karai, lakini tangu kafyu ianze, saa moja ya usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, biashara imekufa. Duka limetukopesha mpaka mwenye duka amechoka, na mwenye nyumba naye anabisha. Usiku silali. Mtoto akikohoa naruka kitandani kumpapasa kipaji. Babangu ni mtu mzima, amepita miaka sabini, na ana sukari. Anasema sisi tuliokubali misikiti ifungwe tumemuogopa mdudu kuliko Mola. Yeye anakwenda kuswali jamaa kwenye uwanja wa jirani, na watu hujazana. Juzi alinipa mkono nikasita kuubusu, akakasirika, na mpaka leo hasemi nami. Je, hofu hii ni upungufu wa imani? Nimemkosea babangu? Na hii sanitaiza yenye alkoholi, nikijipaka swala yangu inasihi?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Naanza na hofu, kwa sababu ndiyo inayokunyima usingizi, na kwa sababu siku hizi kila pahali utasikia mtu akisema muumini haogopi.

Muumini huogopa. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, ametusimulia, na hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiona wingu zito uso wake hubadilika, akawa anaingia na kutoka, anakwenda na kurudi. Mvua ikinyesha ndipo anapotulia. Alipoulizwa na Bibi Aisha mbona watu wakiona mawingu hufurahi na yeye husononeka, akamjibu kwamba hana dhamana kuwa hamna adhabu ndani yake, kwani wako watu walioadhibiwa kwa upepo. Huyo ndiye Mtume, anayemjua Mola wake kuliko sisi sote. Na Nabii Musa, siku wachawi walipotupa kamba zao, Qur'ani inasema alihisi hofu ndani ya nafsi yake (Sura Taha, aya ya 67). Mola wake hakumkemea. Alimwambia usiogope, wewe ndiye utakayeshinda.

Kisha soma Sura al-Baqara aya ya 155, ambapo Mwenyezi Mungu anasema atatujaribu kwa kitu katika hofu na njaa, na upungufu wa mali na nafsi na matunda. Hofu imetajwa mwanzo, kabla ya njaa na kabla ya mauti. Kwa hivyo usiku ule unaoamka kumpapasa mtoto kipaji, mtihani umeshakufikia hata kama maradhi hayajabisha hodi kwako, na subira yako ya usiku huo ina malipo yake.

La kujiuliza ni hofu hiyo inakupeleka wapi. Ikikutoa kitandani ukatawadha ukaswali rakaa mbili, au ikakufanya uwafunze watoto kunawa mikono kwa sabuni, imekupeleka kuzuri. Ikikufanya umdhanie Mola vibaya, useme ameshatutupa, hapo shtuka. Shtuka pia ukijiona unamkwepa jirani aliyetoka karantini na amepona, unawakataza watoto wasimwamkie, unamnong'ona mtaani. Na lililo zito zaidi ni mtu kuficha homa na kikohozi. Najua kwa nini watu wanaficha: wanaogopa gharama ya karantini na wanaogopa jina baya. Lakini Mtume (s.a.w.) amesema mwenye ngamia wagonjwa asiwalete kwa mwenye ngamia wazima. Ikiwa hilo limesemwa juu ya ngamia, vipi juu ya mzee mwenye sukari aliyekaa karibu nawe?

Sasa tuje kwa babako. Maneno yake yana asili, na mwenye kuyasema kabla yake ni mtu mkubwa sana. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alipokuwa njiani kwenda Sham (nchi za Syria na jirani zake), alifika pahali paitwapo Sargh, akapewa habari kwamba tauni imeingia Sham. Ni ile tauni ya Amwas, ambayo wanahistoria wengi wanaiweka mwaka wa 18 Hijria. Akawaita Muhajirina, waliohama kutoka Makka, akawashauri, wakakhitilafiana. Akawaita Ansari, wenyeji wa Madina, nao wakakhitilafiana vilevile. Mwisho akawaita wazee wa Kikureshi, wakasema kwa kauli moja: rudi na watu, usiwaingize kwenye maradhi haya. Alipotangaza kurudi, Abu Ubayda bin al-Jarrah akamuuliza, "Ni kuikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu?" Abu Ubayda huyu ni mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Umar akamwambia laiti neno hilo lingesemwa na mwingine. "Ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu." Akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka bonde lenye pande mbili, moja ina majani na nyingine kavu: akilisha penye majani si amelisha kwa kadari, na akilisha pakavu si kwa kadari pia? Ndipo akaja Abdurrahman bin Awf, ambaye hakuwako kwenye mashauri, akasema mimi nina elimu juu ya hili, nimemsikia Mtume (s.a.w.) akisema mkisikia iko katika nchi msiiendee, na ikitokea katika nchi nanyi mumo, msitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mwenyezi Mungu, akageuza safari.

Nimekueleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu nataka ukimwendea babako usimwendee kama mtu anayemwendea mjinga. Hoja yake ni hoja ya Abu Ubayda, na Abu Ubayda alikufa kwa tauni hiyohiyo, nasi twataraji ni shahidi. Baada yake uongozi wa Sham ukashikwa na Muadh bin Jabal, naye akafa. Alipokuja Amr bin al-As akawaambia watu watawanyike majabalini wasikae pamoja, na balaa likaondoka. Wote hawa ni masahaba. Ila jibu la Umar ndilo lililoafikiana na hadithi, na ndilo tulilolifuata.

Ama msikiti, hakuna aliyefurahi ulipofungwa. Mimi mwenyewe nikisikia adhana na milango imefungwa moyo huuma. Lakini Ibn Abbas siku ya Ijumaa yenye mvua alimwamrisha muadhini, pahali pa kusema "njooni kwenye swala", aseme "swalini majumbani mwenu". Watu wakaona ajabu, akawaambia kwamba amelifanya hilo aliye bora kuliko yeye, yaani Mtume (s.a.w.), na kwamba amechukia kuwatoa wakatembea topeni. Ni tope tu hilo, mwanangu, linalochafua kanzu, sembuse maradhi yanayoua. Na huko Makka, mwanzo wa Machi 2020 Umra ilisimamishwa hata kwa wakaazi wa Saudia wenyewe. Kwa hivyo Ijumaa swalini Adhuhuri rakaa nne nyumbani, na mumeo awaswalishe wewe na watoto jamaa, mupate fadhila zake. Katika madhehebu yetu ya Shafi kunut ya msiba, dua isomwayo ndani ya swala wakati wa balaa, husomwa katika swala zote tano, basi isomeni.

Na kule kujazana uani ni msikiti uleule umehamishwa tu. Mwambie babako habari za Ibn Hajar al-Asqalani, mwanazuoni aliyeisherehesha Bukhari. Alizika mabinti zake watatu kwa tauni: wawili mwaka wa 819 Hijria, na mkubwa wao, naye ana mimba, mwaka wa 833. Mwaka huo wa 833 ameandika kwamba watu wa Cairo walikuwa wakifa chini ya 40 kwa siku. Wakafunga siku tatu, wakatoka jangwani kwa wingi wao kuomba dua kama watokavyo kuomba mvua, kisha wakarudi. Mwezi haukwisha ila wafu walikuwa wameshapita 1,000 kwa siku. Anayesimulia hayo ni bingwa wa hadithi aliyezika wanawe, wala hakuna atakayesema hakumuamini Mola.

Mkumbushe pia hadithi ya Abu Musa iliyoko kwa Bukhari, kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima na yuko mjini kwake. Mzee aliyezoea safu ya mbele miaka yote, akizuiliwa na udhuru, twataraji kwa Mwenyezi Mungu safu yake haijapotea.

Kusita kuubusu mkono wake hukumkosea. Katika ujumbe wa kabila la Thaqif uliokuja kumbai Mtume (s.a.w.), yaani kumpa mkono wa utiifu, alikuwamo mtu mwenye ukoma, na Mtume akampelekea neno kwamba tumeshakubai, rudi. Hakumdharau. Bai yake ilikubaliwa na mkono haukushikwa, na hadithi iko kwa Muslim. Lakini babako hakuyajua yaliyo moyoni mwako. Alichokiona ni mwanawe kamnyima heshima, na hilo lamuuma mzee. Usingoje aanze yeye kusema. Nenda, simama mlangoni mwake kwa mbali, mwamkie, mwambie: "Baba, mkono wako nauogopea mimi nisiutie maradhi, kwa sababu mimi ndiye nipandaye feri na kusukumana na watu." Mwambie nawe unalia kwa hilo. Akiendelea kukasirika, tafuta mzee mwenziwe anayemsikiliza, ampigie simu. Wazee wetu mara nyingi neno la rika lao hulipokea wasilolipokea kwa watoto.

Sanitaiza jambo lake ni jepesi. Wako wanazuoni wanaosema alkoholi hii ya viwandani si khamri inayonyweka, kwa hivyo ni twahara, si najisi. Wako wanaoiona najisi, na hata hao wengi wao husamehe panapokuwa na haja kama hii. Jipake, swali, usijitie wasiwasi. Ukiwa na maji na sabuni tumia hivyo, vinatosha, na ukitaka kutoka kwenye khitilafu nawa mikono kabla ya swala. Ila usiitumie kutawadhia.

Hukuniuliza, lakini nitalisema: ule ujumbe uliozunguka kwenye simu kwamba ufungue Sura al-Baqara utakuta unywele, uuloweke kwenye maji unywe, usiufuate wala usiusambaze. Unywele ukiwemo msahafuni umedondoka kichwani mwa msomaji. Mtume (s.a.w.) amesema yamtosha mtu kuwa mwongo kusimulia kila anachokisikia. Dua tuliyofunzwa ipo, na Mtume mwenyewe akiisoma, kujikinga na mbalanga, wazimu, ukoma na maradhi mabaya: Allahumma inni audhu bika minal barasi wal jununi wal judhami wa min sayyi'il asqam.

Lililobaki ni deni, na naona ndilo zito kuliko yote uliyoyaandika ingawa umelipitia haraka. Anas amesimulia kwamba dua aliyokuwa akiikithirisha Mtume (s.a.w.) ni kujikinga kwa Mola na wahka wa moyo na huzuni, na kushindwa na uvivu, na ubakhili na woga, na uzito wa deni na kuelemewa na watu. Deni limo ndani ya dua moja pamoja na huzuni na woga. Isome asubuhi na jioni, na usiku usiolala.

Kisha toka. Ndege katika hadithi ya tawakkul, yaani kumtegemea Mola, hutoka asubuhi na njaa akarudi jioni ameshiba, lakini hutoka. Biashara ya viazi karai baada ya magharibi haipo tena, kwani Mombasa jua likituwa kafyu imebakisha nusu saa hivi. Basi viazi vipike baada ya Adhuhuri, uviuze alasiri, na mahamri chukua oda za majirani mchana ili watoto wapeleke mlango wa pili na wa tatu. Mwenye duka na mwenye nyumba wafuate wewe kabla hawajakufuata, waambie ukweli, wape kidogo ulicho nacho. Na wao wasomewe Sura al-Baqara aya ya 280: akiwa mdaiwa ana dhiki, basi apewe muda mpaka afarijike, na mkisamehe ni bora kwenu. Wenye maduka wanaoficha unga na tende kungojea bei ya Ramadhani wajue kwamba Mtume (s.a.w.) amesema hafichi bidhaa ila mwenye makosa.

Na wewe na mumeo, kwa hali uliyonieleza, mumo ndani ya aya ya wanaostahiki zaka, Sura at-Tawba aya ya 60. Msione haya kupokea. Wenye mali wanaosoma jibu hili wasingoje mwaka wao wa zaka utimie, kwani Abbas, ami yake Mtume, aliomba ruhusa kuitoa zaka kabla ya wakati wake, akaruhusiwa, na wanazuoni wa Shafi wanajuzisha kuitanguliza kwa mwaka mmoja. Mwaka wenyewe ndio huu. Mumeo aende kwa imamu wa msikiti wenu, mlango umefungwa lakini imamu yupo na kamati ipo, aeleze idadi ya watoto, kodi ni kiasi gani, duka linadai kiasi gani. Akiona uzito kusema ana kwa ana, amwandikie.

Wallahu aalam.