Mchungaji na shamba la mjane

Umeuliza kama mchungaji wenu huko Chamwino anaweza kumsemea mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake. Barazani hawezi. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya humsikiliza mhusika mwenyewe, wakili, ndugu au mtu wa kaya yake, joho halihesabiki. Anaweza kuwa shahidi, kama kweli anaujua mpaka wa minyaa wa shamba hilo.

Kesi nyingi za wajane huangukia kwenye mirathi. Shamba likiwa la marehemu, mama hana nguvu ya kushtaki mpaka ateuliwe msimamizi wa mirathi. Kwa hiyo aanze Mahakama ya Mwanzo, na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Shemeji wakigoma kusaini, aombe hivyo hivyo. Pingamizi litasikilizwa hukohuko.

Kisha Baraza la Kata. Tangu 2021 linapatanisha tu, haliamui. Likishindwa kuwapatanisha, achukue hati ya kushindikana usuluhishi, maana bila hiyo wilayani atarudishwa; ila siku 30 zikipita bila suluhu, anaweza kwenda wilayani hata bila hati hiyo.

Na wakisema "mila zetu mwanamke harithi," Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Ukomo wa kufungua shauri la kudai ardhi ni miaka 12, msilale.